Kocha wa timu ya marehemu

Ubishi wa mpira hauna hakimu. Kaa kijiweni Kariakoo, au kaa na mafundi baiskeli mjini Kasulu, kisha uulize swali moja tu: Simba iliyoifunga Yanga mabao 6 kwa 0 mwaka 1977, ikikutana na Simba iliyoifunga Yanga 5 kwa 0 mwaka 2012, ipi itashinda? Hapo umechokoza nyuki. Mmoja atamtaja Abdallah Kibadeni na mabao yake matatu ya siku ile. Mwingine atasema wachezaji wa zamani walikuwa na vipaji lakini hawakuwa na mbio za siku hizi. Chai itapoa vikombeni, na mwishowe kila mtu ataondoka na jibu lile lile alilokuja nalo.

Wamarekani wana ubishi wa namna hiyo hiyo juu ya mchezo wao wa besiboli, ila wao wameutafutia meza ya kuumalizia. Wanazo ligi ambazo wachezaji wake wengi walikwisha kufa zamani. Mtu anayefanya kazi benki, au anayefundisha shule, anakuwa kocha wa timu yenye Babe Ruth wa mwaka 1927. Mwenzake wa mji mwingine anakuwa na wachezaji wa mwaka 1968. Timu hizo zinacheza msimu mzima, mechi baada ya mechi, kwa kadi na dadu au kwa programu ya kompyuta. Msimamo wa ligi unatolewa, kocha mzembe anashuka mkiani, na wenzake wanamcheka kama tunavyochekana sisi.

Wiki hii nataka tutazame mchezo huo unavyoendeshwa, kisha tuupeleke Kibondo na Kasulu, kule kwenye nyanda za juu za Kigoma, tuone kama utakubali. Nimezichagua wilaya hizo kwa makusudi. Tukisema Simba na Yanga kazi itakuwa nyepesi mno, maana hizo zina magazeti. Kipimo cha kweli ni wilaya ya mpakani, ambako mpira unachezwa kwa moyo wote na mwandishi wa habari hafiki.

Tuanze na besiboli yenyewe, kwa wale wasioijua. Dada zetu waliocheza rede watanielewa upesi. Katika rede mrushaji anakulenga wewe, nawe unakwepa. Katika besiboli mrushaji anaupitisha mpira karibu nawe, na wewe una gongo mkononi (silisemi lile la chupa), unatakiwa uupige. Ukiupiga vizuri unakimbia kupitia vituo vitatu hadi urudi ulipoanzia, na ukifika umeipatia timu yako alama moja. Ukiukosa mara tatu umetoka. Upande ukitolewa watu watatu unaingia uwanjani kulinda, na wengine wanashika gongo. Zamu ni 9 kwa kila upande. Mchezo huu si mgeni kabisa kwetu: mwaka 2018 kilizinduliwa kiwanja cha besiboli katika shule ya sekondari ya Azania, Dar es Salaam, kwa msaada wa Japani, na mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani.

Jambo la kushika hapo ni kwamba kila tukio la besiboli ni pambano la watu wawili, mrushaji na mpigaji. Likimalizika, kila moja lina mwenyewe: huyu amepiga, yule amepigwa. Mpira wa miguu ni ugali. Ukishaiva huwezi kusema punje hii ya unga ilifanya kazi gani. Besiboli ni mahindi ghalani, unaweza kuyahesabu moja moja, na Wamarekani wameyahesabu kwa miaka zaidi ya 150. Ndiyo maana mchezo huu, kuliko mingine mingi, unakubali kufufuliwa mezani.

Unafufuliwaje? Nitaeleza kwa kutumia mchezo wa kadi uitwao Strat-O-Matic, ambao Mmarekani mmoja, Hal Richman, alianza kuubuni akiwa mtoto na akaanza kuuza mwaka 1961. Kila mchezaji ana kadi yake ya mwaka fulani. Kadi ya mpigaji ina safu tatu, na kadi ya mrushaji ina safu tatu. Kocha anarusha dadu tatu. Dadu ya kwanza inachagua safu: ikija 1, 2 au 3 unasoma kadi ya mpigaji, ikija 4, 5 au 6 unasoma ya mrushaji. Dadu mbili zilizobaki unazijumlisha, na jumla hiyo ndiyo mstari wa kusoma. Mstari utakuambia mpigaji amefika kituo cha kwanza, au ametoka, au ameupeleka mpira nje ya uzio.

Sasa angalia ujanja uliomo. Dadu mbili zinaweza kuanguka kwa njia 36. Jumla ya 7 inapatikana kwa njia 6, lakini jumla ya 2 inapatikana kwa njia moja tu, na ya 12 vivyo hivyo. Kwa hiyo mtengeneza kadi akitaka mchezaji apige mara nyingi anayaweka mapigo yake kwenye mistari ya 6, 7 na 8. Akitaka apige kwa nadra anayaweka pembeni, kwenye 2 au 12. Kadi haisemi kwamba mtu fulani alikuwa hodari au alikuwa na nyota. Inarudisha hesabu ya mambo aliyoyafanya kweli mwaka ule, na dadu zinaleta bahati ya siku. Rusha mara kumi, hodari anaweza kuaibika. Rusha mara 600, atakuwa yule yule aliyekuwa.

Hapo ndipo kazi ya kocha inapoanza. Wachezaji wanagawanywa kwa uchaguzi wa zamu, na kwa kawaida aliyeshika mkia msimu uliopita huchagua wa kwanza. Kocha mgeni anakimbilia majina. Kocha mzoefu anatazama mwaka. Mwaka 1930 wapigaji wote wa Ligi ya Taifa ya Marekani, wazuri na wabovu, walipiga kwa wastani wa mapigo 303 katika kila majaribio 1,000. Mwaka 1968 bingwa wa upigaji wa ligi ya pili, Carl Yastrzemski, alipata 301 tu. Maana yake ni kwamba mtu wa 300 mwaka 1930 alikuwa wa kawaida, na mwaka 1968 mtu wa namna hiyo alikuwa mfalme. Warushaji walikuwa wametamba mno, hata mwaka 1969 kichuguu wanachosimamia kikashushwa kutoka inchi 15 hadi inchi 10 ili wapigaji wapumue. Asiyeijua historia hiyo atanunua kadi yenye namba kubwa kumbe amenunua upepo wa mwaka 1930.

Kisha kuna uwanja. Besiboli haina vipimo sawa vya uwanja kama mpira wa miguu. Uwanja wa zamani wa Polo Grounds, New York, upande wa kulia uzio ulikuwa mita 79 hivi, lakini katikati ulizidi mita 140. Mpigaji anayevuta mpira kulia alikuwa tajiri pale na maskini kwingine. Kocha anayecheza nusu ya mechi zake katika uwanja wa namna hiyo anatafuta watu wanaoufaa, kama mkulima anavyochagua mbegu kwa udongo.

Sheria iliyonipendeza kuliko zote ni ya kiasi cha kutumia. Tuseme kuna mchezaji ambaye mwaka fulani alicheza mechi 20 tu, akapiga vizuri ajabu, kisha akaumia au akarudishwa benchi. Kadi yake ni dhahabu tupu, kwa sababu bahati haikupata muda wa kumgeuka. Kocha mjanja atataka ampange kila siku. Ligi nyingi zinakataa: alicheza 20, na wewe utamtumia kwa kiasi hicho hicho. Mrushaji naye anachoka, na baada ya zamu kadhaa kadi yake inageuka mbaya, kwa hiyo kocha lazima awe na hesabu ya nani alirusha jana na nani juzi. Kuna na suala la mashoto: mpigaji wa mkono wa kushoto kwa kawaida hupata nafuu akikutana na mrushaji wa kulia. Kocha hodari anaandika vikosi viwili kabla mechi haijaanza.

Kabla ya kompyuta kuenea, nyingi za ligi hizo ziliendeshwa kwa posta. Kocha mgeni aliandika barua kwa kocha mwenyeji: nianzishie huyu, zamu ya saba mtoe, fulani akifika kituo cha kwanza mwache akimbie. Mwenyeji alirusha dadu za pande zote mbili peke yake chumbani, akacheza dhidi ya nafsi yake kwa maagizo ya mwenzake, kisha akarudisha matokeo kwa barua. Angeweza kudanganya na hakuna ambaye angemwona. Mimi nadhani huo ndio ushahidi mzuri kuliko wote kwamba watu hao hawatafuti ushindi tu. Mwaka 1981, wachezaji wa kweli walipogoma, mechi ya nyota wa ligi ilichezwa kwa kadi na dadu za Strat-O-Matic ndani ya uwanja mkubwa wa Cleveland. Siku hizi kompyuta imechukua kazi kubwa ya hesabu, na programu mojawapo maarufu, Out of the Park Baseball, ilianzishwa mwaka 1999 na Mjerumani, Markus Heinsohn, mtu wa nchi ambayo besiboli si mchezo wake.

Lakini swali kubwa ni hili: hesabu hizo zote zilitoka wapi? Babe Ruth hakuzihifadhi. Wenye timu hawakuzihifadhi zote. Zilitoka kwa karani aliyekaa pembeni ya uwanja na penseli, na kwa mhariri aliyekubali kuzipa nafasi katika gazeti.

Wamarekani humtaja Henry Chadwick, mzaliwa wa Exeter, Uingereza, mwaka 1824, aliyehamia Marekani akiwa mtoto na baadaye akawa mwandishi wa michezo New York. Alikuwa ameizoea kriketi na majedwali yake, naye mwaka 1859 akachapisha jedwali dogo la mechi ya besiboli: jina la kila mchezaji, na mbele yake namba za mambo aliyofanya siku ile. Jedwali hilo linaingia katika nafasi ya kipande cha sabuni, lakini kwa kulitazama unaweza kuijenga mechi upya. Magazeti yakaiga, mji mmoja baada ya mwingine.

Na wanaozitunza hawalali. Mwaka 1989 profesa mmoja wa biolojia, David Smith, alianzisha kikundi cha kujitolea kiitwacho Retrosheet, kazi yake kukusanya maelezo ya kila tukio la kila mechi za zamani kutoka madaftari ya timu, magazeti na makabati ya waandishi wastaafu. Ukaguzi wa aina hiyo una visa vyake. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba Ty Cobb alipiga mapigo 4,191 katika maisha yake ya uchezaji. Baadaye wakaguzi wakagundua kwamba mechi moja ya mwaka 1910 iliandikwa mara mbili, na hesabu sahihi ni 4,189. Watu waligombana kwa ajili ya mapigo mawili ya marehemu. Unaweza kucheka, lakini mimi nawaonea wivu.

Sasa nije kwenye sehemu inayotuhusu sisi hasa. Hadi mwaka 1947 wachezaji weusi walizuiwa kucheza katika ligi kuu za Marekani, wakawa na ligi zao wenyewe. Miongoni mwao alikuwepo Josh Gibson, mdaka mpira na mpigaji wa kutisha, aliyefariki Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 35, miezi mitatu kabla Jackie Robinson hajaingia uwanjani kuuvunja ubaguzi huo. Kwa miaka mingi Gibson alikuwa hadithi tu. Wazee walisimulia mapigo yake kama tunavyosimuliana sisi juu ya mashuti yaliyotoboa nyavu. Lakini katika ligi za mezani hakuna kocha aliyeweza kumpanga, kwa sababu hadithi haina safu tatu wala mistari ya kusoma. Magazeti makubwa ya wazungu hayakuandika mechi zake.

Aliyemwokoa ni magazeti madogo. Pittsburgh Courier, Chicago Defender na mengine ya watu weusi yalikuwa yakichapisha majedwali ya ligi hizo, mara kamili, mara nusu. Watafiti wakayafuata miaka nenda miaka rudi, wakisoma filamu za magazeti ya zamani, wakilinganisha gazeti hili na lile. Mwaka 2009 Strat-O-Matic ikatoa kadi za wachezaji wa ligi za weusi. Mwaka 2020 ligi kuu ya Marekani ikatangaza kwamba ligi hizo za mwaka 1920 hadi 1948 zilikuwa ligi kuu halali, na Mei 2024 ikaziingiza hesabu zake katika kumbukumbu rasmi, wachezaji zaidi ya 2,300 kwa mpigo. Waliofanya kazi hiyo walikiri kwamba wamepata kama asilimia 75 tu ya kumbukumbu zote. Hata hivyo ilitosha. Wastani wa Gibson ukaonekana ni 372 katika 1,000, ukampita Ty Cobb mwenye 367, aliyekuwa ameketi kileleni kwa karibu karne nzima.

Haya, tupande basi tuelekee Kasulu, tupite hadi Kibondo. Nchi ya Waha, milima ya kijani inayopakana na Burundi, baridi ya asubuhi, maharage na mihogo, na udongo mwekundu unaoganda kwenye viatu vya mchezaji mvua inaponyesha. Mpira haujawahi kukosa huko. Kuna timu za vijiji na za shule, kuna UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, kuna watumishi na wafanyabiashara wanaocheza jioni. Mkoa wa Kigoma wenyewe umelilea taifa kwa wachezaji: familia ya kina Manara ina asili ya huko, ingawa wao ni wa Ujiji, kando ya ziwa, si wa milimani. Sunday Manara alikuwa hodari hadi mashabiki wakamwita Kompyuta. Jina zuri, lakini ni kompyuta ipi ina kadi yake ya mwaka 1974?

Tuseme kocha wa mezani anataka kuichezesha Kasulu ya mwaka 1985 dhidi ya Kibondo ya mwaka huo huo. Kikwazo cha kwanza kinamkuta hata kabla ya majina. Kibondo ya 1985 ilikuwa na Kakonko ndani yake. Kasulu ya 1985 ilikuwa na Buhigwe. Wilaya hizo mpya zilimegwa mwaka 2012, kwa hiyo mchezaji wa Kakonko aliyeichezea Kibondo miaka hiyo leo anahesabiwa wa wilaya nyingine. Ukirudi nyuma zaidi unakutana na Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, watu walipohamishwa kutoka makazi yaliyotawanyika kwenda vijiji vya ujamaa, na timu ya mlimani ikajikuta imechanganyika na ya bondeni. Wamarekani nao wana tatizo kama hilo, timu zao huhama miji. Ila wao wameandika siku ya kuhama.

Kikwazo cha pili ni karatasi. Zilikuwepo, tusijidharau. Mwamuzi wa mechi ya mashindano huandika ripoti. Katibu wa chama cha mpira cha wilaya huandika matokeo na msimamo. Mwalimu wa michezo ana orodha ya wachezaji aliowapeleka UMISSETA. Lakini karatasi hizo huandikwa kwa ajili ya kumaliza mashauri: nani kalipa ada, nani ana kadi nyekundu, nani kachezesha mamluki. Bingwa akishapatikana hazina kazi tena. Katibu akihama, jalada linahama naye, au linabaki likiliwa na mchwa. Ingia duka lolote la vitabu Dar es Salaam uulizie takwimu za ligi ya wilaya ya Kasulu, muuzaji atadhani umekosea mlango.

Mahali ambapo upotevu huo ni mkubwa zaidi ni makambi. Mauaji ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Oktoba 1993, yalileta maelfu kwa maelfu ya wakimbizi katika wilaya hizi mbili, na mwaka 1996 Wakongo wakafunguliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ambayo imewahi kuwa na watu zaidi ya 100,000. Huo ni mji. Vijana walicheza mpira humo, wakawa na timu, wapinzani na mashabiki wao. Kisha makambi yakafungwa kwa zamu. Mtabila ilifungwa Desemba 2012 na Warundi zaidi ya 30,000 wakarudishwa kwao. Nduta, Kibondo, ilifungwa, ikafunguliwa tena mwaka 2015. Mtendeli ikafunguliwa tena mwaka 2016, ikafungwa 2021. Kijana aliyezaliwa Mtabila mwaka 1994 alikuwa na miaka 18 siku ya kuondoka, umri ule ule ambao mchezaji anaanza kujulikana. Mabao yake yote aliyafunga katika kiwanja ambacho leo hakina hata watu wa kukumbuka milingoti ilisimama wapi. Josh Gibson alikuwa na Pittsburgh Courier. Mshambuliaji wa Mtabila alikuwa na nani?

Mtu ataniuliza: hata kama karatasi zingekuwepo, si umesema mpira wa miguu ni ugali? Ni kweli, hatuwezi kutengeneza kadi ya kila mchezaji kama wenzetu. Lakini kadi ya timu inawezekana, na hesabu yake si ngumu. Tuseme Kasulu ilifunga mabao 36 katika mechi 18. Hiyo ni mabao 2 kwa mechi. Gawa mechi katika vipande sita vya dakika 15: kila kipande kina nafasi ya bao 1 kwa 3, yaani njia 12 kati ya zile 36 za dadu mbili. Andika kwenye kadi ya ushambuliaji ya Kasulu kwamba jumla ya 6, 7 au 12 ni bao, maana njia zake ni 5, 6 na 1. Sasa tuseme ngome ya Kibondo ilifungwa mabao 9 tu katika mechi 18. Hiyo ni nusu bao kwa mechi, au njia 3 kati ya 36 kwa kila kipande. Andika kwenye kadi ya ngome ya Kibondo kwamba jumla ya 4 peke yake ni bao, kwa kuwa 4 ina njia 3.

Mechi ikianza, dadu ya kwanza inaamua tunasoma kadi ipi, ya mshambuliaji au ya ngome, nusu kwa nusu. Rusha mara sita kwa kila upande, mechi imekwisha. Kasulu hiyo dhidi ya Kibondo hiyo itapata wastani wa bao 1 na robo, katikati ya ukali wa mmoja na ugumu wa mwingine, jambo ambalo mtu wa mpira ataliona la haki. Itaweza hata kufunga mabao 5 au zaidi, lakini mara 2 hivi katika mechi 1,000. Msiidharau nafasi hiyo. Mwaka 1979 Simba ilifungwa nyumbani 4 kwa 0 na Mufulira Wanderers, ikaenda Zambia ikashinda 5 kwa 0. Dadu zilikuwa na siku yao.

Kocha wa kadi hizo atakuwa na kazi ya kutosha. Ukiwa na vikosi vilivyoandikwa, unaweza kutenga mechi ambazo kipa namba moja alikuwepo na ambazo hakuwepo, ukapata kadi mbili za ngome. Ukiwa na jina la uwanja, unaweza kutenga nyumbani na ugenini. Ukiwa na tarehe, unaweza kutenga masika na kiangazi, na nani asiyejua kwamba timu ya pasi fupi si timu ile ile kwenye tope la Machi? Kila neno moja analoongeza karani linampa kocha uamuzi mmoja zaidi wa kufanya.

Na kwa msimu uliokwisha pita je? Wale watafiti wa ligi za weusi wametuonyesha njia: huanzi na kitabu, unaanza na vipande. Picha ya timu yenye tarehe nyuma. Daftari la mwamuzi mstaafu. Orodha ya wachezaji katika kabati la shule. Barua ya kuomba jezi. Wazee wawili, mmoja wa Kasulu na mmoja wa Kibondo, waliocheza siku moja pande tofauti, waulizwe kila mmoja peke yake, na kinacholingana ndicho kiandikwe. Wazee hao hawatungoji. Waliokuwa na miaka 25 mwaka 1985 wamekwisha kuvuka 60.

Kwa msimu unaokuja kazi ni ndogo zaidi. Inatakiwa kaunta buku moja, karani mmoja asiyekuwa shabiki wa timu yoyote, na mistari michache kwa kila mechi: tarehe, uwanja, hali ya hewa, majina 11 na ya akiba, dakika ya kila bao na mfungaji, aliyetolewa na aliyeingia. Nakala moja ibaki chama cha wilaya, nyingine ipelekwe maktaba ya shule au Chuo cha Ualimu Kasulu, ili mchwa wakila moja nyingine ipone. Mechi 18 zikishaandikwa, kadi zinatengenezwa jioni moja kwa mwanga wa taa. Dadu zimo ndani ya boksi la ludo.